Bunduki ya Marehemu: uchambuzi wa ununuzi mmoja Malindi

Bunduki yenyewe ni Tikka T3 ya mtutu mzito, inayokula risasi za .308 Winchester. Ilitengenezwa Finland, katika kiwanda cha Sako mjini Riihimäki, kabla ya 2016, mwaka ambao T3x ilichukua nafasi ya T3. Juu yake pana darubini ya kukuza mara 5 hadi 25. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa hapa Malindi, mlengaji shabaha mwenye cheti, mtu ambaye kwa miaka mingi nilipanda naye gari moja kwenda uwanjani. Alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akaitaka bunduki ile.

Alinijia na maneno ambayo nimeyasikia kwa vijana wengi wanaoingia katika mchezo huu. "Mjomba, bunduki nzuri haishuki bei. Nitapiga nayo miaka miwili mitatu, nikichoka naiuza kwa bei ile ile niliyonunulia." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili ilituchukua miezi minane kuifumbua, na ndiyo nitakayoieleza hapa, pamoja na hesabu zake.

Mimi kazi yangu ni mashini za boti. Najua chuma na najua chumvi inavyokula chuma. Shabaha nimeianza nikiwa kijana, na hadi leo naipenda kwa moyo wote.

Lazima nianze na sheria, kwa sababu Kenya hakuna bei ya bunduki bila karatasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kununua wala kushika silaha au risasi bila cheti. Cheti kinataja silaha gani, na kinataja risasi ngapi unaruhusiwa kununua na kukaa nazo kwa wakati mmoja. Cheti ni cha mtu, hakirithiwi. Akifa mwenye cheti, bunduki inayobaki kabatini kwake imekaa kwa watu wasio na ruhusa ya kuishika, hata kama ni mke wake na wanawe. Familia hii ilijua hilo. Siku ya tatu baada ya maziko, shemeji wa mjane, ambaye ndiye aliyesimamia mirathi, aliripoti kituoni, na kwa utaratibu aliopewa bunduki ikaenda kuhifadhiwa kwa muuzaji silaha mwenye leseni, nje ya Malindi. Mjane mwenyewe alikuwa ameanza eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na hakuna mtu mwenye adabu aliyemwendea na habari ya biashara.

Hakuna mwenye adabu, nimesema. Alikuwako mwingine. Mtu mmoja alimpigia simu ndani ya eda akamwambia kwamba analipa fedha taslimu, zaidi ya bei yoyote ya dukani, na kwamba habari ya vyeti "itamalizwa baadaye". Mama yule alikata simu, akamwambia shemeji yake, naye akaliripoti jambo lile. Namheshimu mno kwa hilo. Sisi wa pwani ya kaskazini, tangu usiku ule wa mauaji ya Mpeketoni mwezi Juni 2014, tunajua silaha isiyojulikana iliko inaweza kuishia wapi. Mnunuzi anayetoa bei kubwa huku akikwepa karatasi hanunui bunduki ya kulenga karatasi.

Mpwa wangu yeye alikuwa na cheti tayari, cha bunduki ndogo ya .22 aliyoanzia. Aliomba kuongezewa hii, akangoja jibu, na wakati akingoja tukaanza kuikagua.

Kabla sijafika kwenye ukaguzi, niseme kuhusu soko, kwa kuwa hapo ndipo mpwa alipokosea kwanza. Habari za "bunduki haishuki bei" amezisoma kwa Wamarekani na watu wa Ulaya. Kule mnunuzi wa pili ni rahisi kupatikana, na wengi wao ni wawindaji. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na haukurudi. Wenzetu Tanzania wana vitalu vya uwindaji wa watalii, sisi hatuna. Kwa hiyo mtu atakayeinunua Tikka hii kwa mpwa wangu baada ya miaka mitatu lazima awe mlengaji shabaha au mtu mwenye sababu nyingine iliyokubaliwa na Bodi ya Leseni za Silaha, awe amehakikiwa, na awe tayari kungoja. Watu hao wapo, ila huwezi kuwapata kwa wiki moja. Ukitaka kuuza kwa haraka hapa Kenya utauza kwa hasara, hata kama bunduki yako ni safi kama yai. Mpwa alikuwa hajaitia haraka katika hesabu zake.

Alikuwa pia na habari ya bunduki nyingine, ya .300 Winchester Magnum, iliyokuwa ikiuzwa rahisi kidogo. Ilimvutia kwa sababu inapiga mbali zaidi. Nilimkatalia, na sababu ni ya hesabu. Risasi ya .308 ina baruti ya gramu 2.8 hivi. Ya .300 Magnum ina gramu 4.5 hivi. Tundu la mtutu ni lile lile, milimita 7.8. Moto wa baruti mara moja na nusu na zaidi unalazimishwa kupita katika koo lile lile jembamba, yaani mwanzo wa mtutu, na koo huungua. Mtutu mzuri wa .308 hufika risasi 5,000 hivi kabla matundu kwenye karatasi ya shabaha hayajaanza kutawanyika kiasi cha kumwudhi mshindani, wa .300 Magnum mara nyingi haufiki nusu ya hapo. 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007 na ambayo vijana wote wanaitaka, iko katikati, 2,500 hadi 3,000. Mtu anayesema bunduki zake zote "hazishuki bei" hajauliza ni ya risasi gani.

Mtutu ni kama tairi la gari. Unanunuliwa ili uliwe. Chuma kilichobaki, yaani mwili wa bunduki, komeo lake na kifyatulio, kikitunzwa kitawazika wamiliki watatu. Kwa hiyo anayenunua bunduki iliyotumika ananunua vitu viwili kwa bei moja: kimoja kinachodumu na kimoja ambacho kimeshaliwa kiasi. Swali la kwanza ni kiasi gani.

Hapo marehemu alitusaidia kutoka kaburini. Alikuwa na daftari. Daftari la shule lenye jalada la buluu, kurasa 96, limefungwa kwa mpira. Kila Jumamosi aliyokwenda uwanjani aliandika mstari mmoja kwa penseli: tarehe, risasi alizopiga, umbali, na upepo. Upepo aliuandika kwa majina yetu. "Kusi kali, kulia kwenda kushoto." "Kaskazi hafifu." "Matlai, shwari." Pembeni mwa ukurasa alijumlisha, na chini ya kila ukurasa aliinukuu jumla na kuihamishia ukurasa unaofuata, kama mtu wa duka anavyofanya na deni la wateja. Mstari wa mwisho ulisomeka 2,314.

Sikuiamini namba ile kwa kuwa tu ilikuwa ya rafiki yangu. Niliomba risiti za risasi. Shemeji alizipata katika bahasha: jumla ya risasi alizonunua kwa bunduki ile zilikuwa 2,400, na zilizosalimishwa pamoja na bunduki baada ya kifo zilikuwa 86. Elfu mbili mia nne toa themanini na sita ni 2,314. Nilikaa na kalamu mkononi nikaitazama hesabu ile kwa muda. Mtu alikuwa ameandika ukweli miaka yote ile bila kujua kwamba iko siku utahakikiwa.

Ukaguzi tuliufanya kwa muuzaji silaha, mimi, mpwa na shemeji. Mpwa hakuishika bunduki. Cheti cha kuishika hakikuwa kimetoka. Aliyeishika ni muuzaji mwenyewe na fundi wake.

Tulipofungua sanduku, mpwa alishusha pumzi. Upande wa chini wa mtutu, kwa urefu wa shubiri mbili, kulikuwa na kutu. Si kutu ya juujuu ya kufutwa kwa kitambaa. Vilikuwa vishimo vidogo, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui, na vilifuata sawasawa umbo la sponji ya sanduku. Nilijua mara moja kilichotokea, maana nimekiona katika masanduku ya vifaa vya boti. Sponji ile nzuri nyeusi, iliyokatwa kwa umbo la bunduki, inanyonya unyevu wa hewa na kuushikilia dhidi ya chuma. Kwa miezi sita, masika yote na sehemu ya kusi, mtutu ulikuwa umelazwa juu ya kitambaa kibichi chenye chumvi. Sanduku la kubebea ni la safari tu. Kwa nyumba ya pwani, bunduki inasimama kabatini, imepakwa mafuta, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu vinabadilishwa kila mwezi. Na mtu asidanganyike na chuma cha pua. Malindi hata hicho hupata kutu, kinachelewa tu.

Mnunuzi mmoja mwenye cheti alikuwa ameiona kutu hiyo wiki moja kabla yetu, akaondoka.

Fundi akasafisha tundu, na hapa alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Alisugua kwa dawa ya kutoa shaba hadi kitambaa kikatoka bila rangi ya buluu. Shaba ya risasi hujipaka ndani ya mtutu na kufunika nyufa kama plasta inavyofunika ukuta mbovu. Ukitazama kabla ya kuitoa, kila mtutu ni mzuri. Kisha akaingiza kamera nyembamba, ile ya waya, na tukatazama kwenye simu.

Mbele ya chemba, pale risasi inapokaa, ndipo inapoanzia mifuo, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, na hapo chuma kilikuwa na nyufa ndogondogo zilizoungana, mithili ya tope la Mto Sabaki linapokauka baada ya mafuriko. Hilo ni koo la mtutu na nyufa hizo ni za moto. Zilikuwa zimefika kadiri ya kidole kimoja kwenda mbele, kisha zikapotea, na kuanzia hapo kingo za mifuo zilikuwa kali na safi hadi mdomoni. Mdomo wenyewe haukuwa na mkwaruzo. Ndani hamkuwa na kishimo hata kimoja cha kutu. Marehemu alikuwa ameiacha na mafuta tundu lote, ila hakujua kwamba haitafunguliwa tena kwa nusu mwaka.

Nilimvuta mpwa pembeni nikamwambia kile ambacho hasa ndicho kisa chote. "Mwanangu, hapa una mambo mawili yanayovutana. Ukinunua ili upige, kutu ile ya nje haikuhusu. Risasi haipiti nje. Ukinunua ili uuze, kutu ile ndiyo itakayokugharimu, kwa sababu mnunuzi wako naye atafungua sanduku na kushusha pumzi kama ulivyofanya wewe. Na ubovu ambao kweli unaharibu shabaha, wa koo, mnunuzi huyo hatauona." Akauliza, "Sasa ninunue kwa lipi?" Nikamwambia achague moja, na bei aipange kwa hilo alilochagua. Alichagua kupiga. Nilifurahi.

Basi ikabidi bunduki ipigwe. Tulikwenda uwanja ulioidhinishwa, muuzaji akalala chini yeye mwenyewe, mita 100, risasi za mashindano za aina moja. Nilisisitiza zipigwe kumi mfululizo katika karatasi moja. Watu hupenda kuonyesha kundi la risasi tatu. Risasi tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati tu. Kumi hazina pa kujificha.

Matokeo yalikuwa mabaya. Kundi la kumi lilitanuka milimita 61, na Tikka mpya hudhaminiwa na kiwanda kwa dakika moja ya digrii, ambayo kwa mita 100 ni milimita 29, ingawa hiyo ni kwa risasi tatu. Shemeji alinyamaza. Muuzaji akasema labda mtutu umekwisha. Mpwa akanitazama mimi.

Lakini karatasi ilikuwa inasema kitu kingine. Matundu hayakutawanyika ovyo. Yaligawanyika makundi mawili, sita chini na manne juu kulia kidogo, na kila kundi peke yake lilikuwa dogo. Mtutu uliokwisha hautupi hivyo. Hutupa popote. Makundi mawili ni alama ya kitu kinachokaa mahali pawili, kinacheza. Nikamwomba fundi aangalie skrubu za darubini, zilikuwa zimekaza. Ikabaki kufungua bunduki kutoka kwenye kitako chake.

T3 ina jambo lake. Bunduki nyingi zina kizuizi cha teke, yaani cha msukumo wa kurudi nyuma, kilichounganishwa na mwili wenyewe. Katika Tikka, kizuizi ni kipande kidogo kilichochomekwa kwenye kitako, na mwili una mfuo chini yake unaokikalia. Teke lote la risasi linapokelewa na kipande hicho. Katika T3 hii ya zamani kipande ni cha alumini. Katika T3x wamekifanya cha chuma, na sababu yake ilikuwa mkononi mwa fundi. Alikitoa, akakiweka kiganjani mwangu. Hakizidi ukubwa wa nusu ya kipande cha sukari guru. Upande mmoja ulikuwa na mbonyeo unaong'aa, uliochimbwa na mapigo zaidi ya elfu mbili, na ukipitisha ukucha unakwama. Kwa mbonyeo ule mwili wa bunduki ulikuwa unapata nafasi ya kurudi nyuma unywele mmoja, na kila baada ya risasi kadhaa ukatulia pengine.

Kipande cha chuma cha kubadilisha ni rahisi mno ukilinganisha na bunduki. Fundi alikiagiza kwa leseni yao, tukangoja wiki tano. Kilipofika akakifunga, akakaza skrubu mbili za kitako kwa spana ya kupimia, tukarudi uwanjani. Risasi kumi: milimita 31. Matundu yote mahali pamoja, na moja tu limetoka pembeni, ambalo muuzaji alikiri ni kosa la pumzi yake.

Nafikiria mara nyingi ingekuwaje kama tungeondoka siku ile ya kwanza, au kama tungemwambia mjane kwamba mtutu umekwisha, tukamlipa bei ya chuma chakavu. Tungeamini tunasema kweli.

Darubini ilikaguliwa haraka zaidi. Pwani adui wa kioo ni kuvu. Wenye kamera wanazijua zile nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya lenzi. Tulimulika kwa tochi kutoka mbele na kutoka nyuma, hamkuwamo. Kisha, kuona kama darubini inarudi pale ilipoanzia, risasi tano za kutembeza pembe nne: piga, sogeza darubini juu mibonyezo 50, piga, kulia 50, piga, chini 50, piga, kushoto 50, piga. Kila mbonyezo ni sentimita moja kwa mita 100. Risasi ya tano iliingia kando ya ile ya kwanza, matundu yakagusana. Darubini ikipita hapo, thamani yake haitegemei mtutu hata kidogo, na inauzika peke yake kwa haraka kuliko bunduki.

Sasa bei. Familia iliomba shilingi 480,000 kwa vyote. Tulikubaliana darubini ni 140,000, ikabaki 340,000 ya bunduki. Kubadilisha mtutu mpya, pamoja na kuuagiza na kuufunga, muuzaji alikisia 150,000. Ukigawanya kwa risasi 5,000, kila risasi inakula shilingi 30 za mtutu. Marehemu alipiga 2,314; ni kama 69,000 zimekwisha kutumika. Kwa kutu ya nje na kipande cha teke tuliondoa 25,000. Inabaki 246,000, ukijumlisha na darubini ni 386,000.

Mpwa alitaka kuanzia 330,000 ili wafikie katikati. Nikamkataza. Ile haikuwa mali ya muuzaji wa mjini, ilikuwa mirathi. Mjane ana thumuni yake, na kinachobaki ni cha watoto, wawili kati yao wadogo bado. Mali ya yatima haiendewi kwa ujanja wa sokoni. Tuliwapelekea karatasi yenye hesabu yote kama nilivyoiandika hapa, pamoja na zile 69,000, na tukataja 400,000. Shemeji alisoma, akauliza mbona tumezidisha 14,000 juu ya hesabu yetu wenyewe. Nilimwambia ni ya daftari. Bila daftari lile tungekisia mtutu umekwisha kabisa, nao wangepoteza zaidi ya hapo. Walikubali siku ile ile.

Na kuuza tena? Mpwa anapanga kupiga risasi 60 kwa mwezi, yaani 720 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni 1,440, na kwa shilingi 30 kila moja mtutu utapoteza 43,200. Hiyo ndiyo hasara yake halisi ya bei, akiitunza na akiwa na subira ya kumngoja mnunuzi mwenye cheti. Kisha tukahesabu risasi zenyewe. Ananunua kwa shilingi 350 moja. Kwa miaka miwili ni 504,000. Alirudia kuzidisha mara mbili kwenye simu. Kijana aliyekuwa halali usingizi kwa kuhofia bunduki itashuka bei kwa elfu arobaini na kitu, alikuwa karibu kuilisha zaidi ya bei yake yote. Tangu siku ile hajaniuliza tena habari ya kuuza, ananiuliza jinsi ya kupiga risasi 40 zenye maana badala ya 60.

Kilichobaki kilikuwa karatasi, na karatasi zilituweka miezi mitatu. Katika moja ya fomu za uhamisho, tarakimu moja ya namba ya bunduki iliandikwa 3 badala ya 8. Chumani ilikuwa 8, wazi kabisa. Aliyeiandika simtaji, ni kosa la mkono. Ila bunduki isiyolingana na karatasi yake haina mwenyewe, na haiwezi kuondoka dukani. Sasa kila ninapomsindikiza mtu kununua, jambo la kwanza ni kusoma namba kutoka kwenye chuma kwa sauti, tarakimu moja moja, mwingine akifuata kwa kidole kwenye karatasi, kisha tunabadilishana. Pia naangalia kama mwenye kuuza alipita katika uhakiki ule wa wenye silaha ulioanza Desemba 2018. Ambaye hakupita, karatasi zake za zamani hazimfikishi mnunuzi popote.

Bunduki ilifika kwa mpwa mwezi wa nane tangu tuanze. Sanduku la sponji tuliliacha dukani. Amefunga kabati la chuma ukutani, upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari.

Lilibaki jambo la daftari. Mpwa alilitaka, na kwa haki ya biashara alistahili kulitaka, maana mnunuzi wake wa kesho atamwuliza ushahidi wa zile 2,314, na daftari halisi lina uzito kuliko nakala. Tulikwenda wote wawili nyumbani kwa mama yule kutoa shukrani. Alitukaribisha kahawa na kaimati. Daftari lilikuwa mezani, na mpira wake. Alilifungua katikati, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, akasoma, "Matlai, shwari," kisha akalifunga.

Mpwa alimwambia, "Shangazi, naomba tu nilipige picha."

Alipiga picha kurasa zote pale pale, akiwa amekaa mkekani, na mama akimfunulia moja baada ya nyingine. Kisha akamwachia. Amenunua daftari lake, la buluu, kurasa 96. Zile risasi 25 za majaribio amezijumlisha juu ya 2,314, na mstari wake wa kwanza, wa Jumamosi iliyopita, unaanzia 2,340: mita 100, risasi 20, kusi ya wastani.